Maswali Yenu: Wimbo Ule Ule, Namba Mbili

Mhariri, nimehama msambazaji wa nyimbo mtandaoni. Wimbo uliokuwa umesikilizwa mara 40,000 sasa unasoma 312. Tena ile namba yake ya zamani ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, ilianza na QZ, nikaambiwa ni ya Marekani. Je, nimeibiwa? *Msomaji, Igoma, Mwanza*

Hapana. Ulipopakia upya uliacha kisanduku cha ISRC wazi, mfumo ukakutolea namba mpya. Kwa majukwaa ya kusikilizia muziki, namba mpya ni rekodi mpya, hata jina na sauti vikiwa vile vile.

Tafuta namba ya zamani kwenye ripoti za mapato za msambazaji wa kwanza. Wasambazaji wengi hawabadilishi namba ya wimbo uliokwisha kutoka, hivyo huenda ukalazimika kuuondoa mtandaoni na kuupakia tena: faili lile lile, tahajia ile ile ya jina lako, namba ya zamani. Vyote vikilingana, kwa kawaida hesabu huunganishwa. Na siku nyingine usiuondoe wimbo kwa msambazaji wa zamani kabla haujaonekana kupitia msambazaji mpya.

Kuhusu QZ, chukua mfano wa QZXX92400017. Herufi na tarakimu ni 12. Tano za mwanzo ni za aliyetoa namba, 24 ni mwaka ilipotolewa, 00017 ni mfululizo wake wa mwaka huo. Msambazaji wako alitumia kiambishi cha Marekani, basi. Hakisemi uliporekodi, wala nani mwenye mali. Vistari ukiviona ni vya kurahisisha kusoma tu. Saba za mwisho ni tarakimu tupu. Ukikuta O hapo, mtu amekosea sifuri. Nakili na kubandika, usiandike kwa mkono.

Kwaya yetu ilirekodi kaseti mwaka 1998. Tumeihamishia kwenye kompyuta, kisha wimbo mmoja tumeurekodi upya na kuupigia video. Tuombe namba ngapi? *Katibu wa kwaya, Ukerewe*

Kwa wimbo huo, tatu: ya rekodi ya kaseti, ya rekodi mpya, na ya video, hata kama video imetumia sauti ya rekodi mpya. Rekodi ya kaseti haitabeba 98, kwa kuwa mwaka unaohesabiwa ni wa kutoa namba. Remix nayo ina yake. Kugeuza WAV kuwa MP3 hakuhitaji nyingine.

Msichanganye na utunzi. Mashairi na melodia kwa pamoja vina namba ya aina nyingine, ISWC, inayoanza na T, na hiyo ni moja kwa rekodi zote mbili. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ni hatua nyingine tena. ISRC haiwafanyii hilo.

Mkipeleka wimbo redioni kwa flashi, ingizeni ISRC ndani ya taarifa za faili la MP3, si kwenye jina la faili. Majina ya mafaili hubadilishwa studio kila siku.