Kushusha sukari: kunaokoa au kunaua?

SWALI

Habari daktari. Nina miaka 46, nina kisukari cha aina ya pili na huu ni mwaka wa pili. Natumia metformini tu. HbA1c yangu (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) ya mwezi uliopita ilikuwa asilimia 7.4, na daktari wangu anataka kuniongezea dawa ili nishuke chini ya 7. Nimesita, kwa sababu nilisoma kuwa utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa baada ya wagonjwa walioshushwa sukari sana kufa kwa wingi kuliko wenzao. Papo hapo kila mtu ananiambia sukari ikishuka ndipo macho na figo vinasalimika. Baba yangu ana miaka 73, kisukari chake kina zaidi ya miaka 20, alishapata mshtuko wa moyo, anachoma insulini asubuhi na usiku. Sisi wanawe tunahangaika naye ili afike 6, na sasa amefika 6.3. Je, tafiti hizi zinapingana? Tufuate upi?

JIBU

Ndugu yangu, hazipingani. Zilichukua watu tofauti, zikawafuatilia kwa muda tofauti, na zikahesabu mambo tofauti. Swali lako ni moja lakini kwenu lina majibu mawili, na kwa ulivyoeleza nahisi mmebadilishana: wa kubanwa analegea, wa kulegezwa anabanwa.

Tuanze na huo utafiti uliokutisha. Unaitwa ACCORD. Ulifanyika Marekani na Kanada, ukawa na watu 10,251 waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilibanwa, lengo likiwa HbA1c chini ya 6. Kundi la pili liliachiwa nafasi, kati ya 7 na 7.9. Waliobanwa walifika 6.4, wenzao wakakaa 7.5. Februari 2008, baada ya miaka mitatu na nusu hivi, wasimamizi walisimamisha ule mpango wa kubana. Waliokufa katika kundi lililobanwa walikuwa 257, katika kundi la pili 203.

Kilichosambaa ni kwamba vifo viliongezeka kwa asilimia 22, na ni kweli. Lakini shika kalamu. Kila kundi lilikuwa na watu 5,100 na ushee. Waliokufa 257 ni kama watu 5 katika kila 100, na waliokufa 203 ni 4 katika kila 100. Tofauti ni mtu mmoja katika kila mia, ndani ya miaka mitatu na nusu. Huyo mmoja ni baba au mama wa mtu, simpuuzi, na wasimamizi walifanya haki kusimamisha. Ila ukisikia "asilimia 22" unaona watu wakianguka barabarani, na ukisikia "mmoja zaidi katika mia" unaona kitu kingine kabisa. Utafiti ni uleule. Ndiyo maana nikifungua ripoti ya utafiti siiamini asilimia mpaka niione idadi ya watu iliyokaa nyuma yake.

Kabla hata ya hesabu ya vifo, kuna jedwali ambalo wasomaji wengi huliruka: jedwali la kwanza, linaloeleza ni nani walioingizwa. Katika ACCORD wastani wa umri ulikuwa miaka 62. Kisukari chao kilikuwa na miaka kama 10. Theluthi moja hivi walikuwa wameshapata tatizo la moyo au mishipa, na waliobaki walichaguliwa kwa kuwa walikuwa na dalili za kuelekea huko. Walianza na HbA1c ya 8 na kitu. Ili kuwateremsha, walirundikiwa dawa, insulini ikiwemo. Zaidi ya robo ya waliobanwa waliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 10. Waliopatwa na sukari kushuka kiasi cha kuhitaji msaada wa kitabibu walikuwa asilimia 10.5, dhidi ya 3.5 kwa wenzao.

Sasa jitafute kwenye jedwali hilo. Wewe hutajiona humo. Baba yako yumo, tena utadhani walimchora yeye.

Nini hasa kiliwaua? Wengi tulidhani ni sukari kushuka mno. Uchambuzi uliotoka mwaka 2010 ukaleta jambo ambalo hatukulitarajia: katika kundi lililobanwa, hatari iliwaelemea zaidi wale ambao HbA1c yao ilikataa kushuka ikabaki juu ya 7, si wale walioshuka vizuri. Uchambuzi wa namna hiyo, unaofanywa baada ya tukio, hauna nguvu sawa na kura ya mwanzoni, kwa hiyo nauchukua kwa tahadhari. Lakini unalingana na ninayoyaona kliniki. Mwili unagoma, daktari anaongeza dawa, mwili unagoma tena, naye anaongeza tena. Nadhani balaa limo kwenye huo mvutano kuliko kwenye namba 6 yenyewe.

Na kuna jambo la ACCORD ambalo halikupata sauti. Sehemu ya washiriki walipigwa picha za nyuma ya jicho mwanzoni na baada ya miaka minne. Walioharibika zaidi retina katika kundi lililobanwa walikuwa asilimia 7.3, katika kundi lililolegezwa 10.4. Kwa maneno mengine, katika utafiti huohuo uliosimamishwa kwa vifo, macho yalinufaika. Aliyekuambia kushusha sukari kunalinda macho hakukudanganya, na aliyekuambia watu walikufa naye hakukudanganya.

Sasa njoo upande wako. Utafiti unaokuhusu wewe ni UKPDS wa Uingereza, ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo makuu mwaka 1998. Ulichukua watu 5,102 ambao kisukari chao kilikuwa ndiyo kwanza kimegunduliwa, umri wao ukiwa miaka ya hamsini na kitu. Kwa miaka 10 waliodhibitiwa kwa nguvu walikuwa na wastani wa HbA1c wa 7.0, wenzao 7.9. Madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, yalipungua kwa robo. Mshtuko wa moyo ulipungua kwa asilimia 16, lakini kwa vipimo vya takwimu matokeo hayo yaligota mlangoni bila kuingia. Mtu angeweza kusema: kwa macho sawa, kwa moyo bado.

Halafu likatokea jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika utafiti wa kisukari. Utafiti ulipokwisha, washiriki walirudi kwa madaktari wao wa kawaida. Ndani ya mwaka mmoja tofauti ya HbA1c kati ya makundi mawili ikatoweka, wote wakawa sawa. Watafiti hawakuwaacha, waliendelea kuwafuatilia. Mwaka 2008, mwaka uleule ACCORD iliposimamishwa, matokeo ya miaka 10 ya ziada yakatoka: waliodhibitiwa mapema kwa insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi walikuwa na mshtuko wa moyo pungufu kwa asilimia 15 na vifo pungufu kwa asilimia 13. Wale wenye uzito mkubwa walioanza na metformini, vifo vilipungua kwa asilimia 27. Sukari zilishalingana zamani, lakini mishipa ilikuwa bado inakumbuka nani alitunzwa mwanzoni.

Kumbukumbu hiyo haikuonekana hapo tu. Utafiti wa DCCT wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, uliotoa matokeo mwaka 1993, ulikuta vilevile. Waliofuatiliwa baadaye, matukio ya moyo na mishipa yalikuwa pungufu kwa asilimia 42 kwa waliodhibitiwa vizuri mwanzoni, ingawa sukari zao na za wenzao zilikuwa zimeshakaribiana. Maelezo yanayokubalika kuliko mengine ni kwamba sukari ikikaa juu hujibandika kwenye protini za kuta za mishipa, na baadhi ya protini hizo hukaa miaka mingi kabla ya kubadilishwa. Ukichelewa, unatibu sukari ya leo huku mishipa ikilipa ya miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo wewe mwenye miaka 46 na kisukari cha mwaka wa pili, huo ndio muda wako wa kuweka akiba. Kutoka 7.4 kwenda chini ya 7 si jambo la pupa, lakini si la kuogopa pia. Kama namba hizi hazikuambii kitu, HbA1c ya 7.4 ni sawa na sukari ya wastani wa 9.2 hivi kwa kipimo cha milimoli, au 166 kwa miligramu.

Swali la maana zaidi la kumuuliza daktari wako ni dawa gani anataka kuongeza, maana hapa ndipo utafiti wa miaka kumi hivi iliyopita ulipogeuza meza. Zamani dawa ilipitishwa kwa kuonyesha kwamba inashusha sukari, basi. Kisha, kuanzia 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka dawa mpya za kisukari zithibitishe kwamba haziumizi moyo. Watengenezaji walinung'unika, lakini tafiti hizo za lazima ndizo zilizotufungua macho. Mwaka 2015 utafiti wa EMPA-REG OUTCOME, wa watu 7,020 wenye kisukari na ugonjwa wa moyo au mishipa, ulionyesha kuwa waliopewa empagliflozini walikufa asilimia 5.7, waliopewa kidonge bandia 8.3. Fanya tena ile hesabu yetu: tofauti ni watu wawili na nusu hivi katika kila mia, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Na HbA1c ya makundi hayo mawili ilitofautiana kidogo tu, kidogo mno kueleza vifo vyote hivyo. Dawa ilikuwa inafanya kazi nyingine mle ndani, kwenye moyo na figo, kwa kuusaidia mwili kutoa sukari na chumvi kupitia mkojo. Mwaka 2018 utafiti wa CREDENCE ulisimamishwa mapema, safari hii kwa furaha: kanagliflozini, ya ukoo huohuo, ilikuwa inazilinda figo waziwazi. Kwa sindano za ukoo wa liraglutidi na semaglutidi ushahidi nao umekusanyika, kwa moyo na, tangu 2024, kwa figo.

Kwa hiyo hakuna dawa ya "kushusha sukari" kwa jumla. Dawa mbili zinaweza kukushusha kwa kiasi kilekile, moja ikakuongezea kilo na kukutupa kwenye sukari ya chini, nyingine ikakulinda moyo. Hilo halimaanishi ya bei ghali ndiyo yako. Kama figo na moyo wako ni salama, mjadala wa daktari wako na mfuko wako una nafasi yake. Pima mkojo uangaliwe albumini, aina ya protini, kwa sababu figo huanza kuvuja kimyakimya kabla hujaona povu wala kuvimba miguu.

Tena usiishie kwenye sukari. Utafiti wa Steno-2 wa Denmark ulikuwa na watu 160 tu, mdogo kuliko yote niliyotaja, wote wakiwa na albumini kwenye mkojo. Nusu yao walitibiwa kila kitu kwa pamoja: sukari, shinikizo la damu, lehemu, sigara, mazoezi. Matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa nusu hivi. Walipofuatiliwa hadi miaka 21, waliotibiwa hivyo waliishi karibu miaka minane zaidi. Mgonjwa akiniambia HbA1c yake bila kujua presha yake, huwa naona amenisomea ukurasa mmoja wa barua.

Sasa baba. HbA1c ya 6.3 kwa mzee wa miaka 73, mwenye insulini mara mbili na moyo ulioumia, si ya kushangiliwa. Inanitia wasiwasi. Miongozo mingi huwaruhusu wazee wenye magonjwa kadhaa wakae chini ya 8. Kinachowaponza ni sukari kushuka saa tisa za usiku kuliko macho ya miaka kumi na tano ijayo. Muulize, au bora muulize anayelala naye: anaamka fulana imelowa jasho? Anaota ndoto za kutisha, anaamka na kichwa kizito, asubuhi hajui yuko wapi kwa dakika chache? Hizo huenda ni sukari zinazoshuka amelala. Kuna wazee waliozoea kiasi kwamba hawatetemeki wala hawasikii njaa, dalili zimezimika, na kwa moyo uliokwisha kuumia sukari ya namna hiyo inaweza kuvuruga mapigo.

Jambo lingine la kuangalia ni damu yake. HbA1c inasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Zikifa mapema, kwa sikoseli, kwa kupoteza damu au kwa figo zilizochoka, kipimo kinasoma chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma hukipeleka upande wa pili, kikasoma juu. Namba 6.3 inaweza kuwa nzuri mno kwa sababu tu chembe hazikukaa muda wa kutosha kunasa sukari.

Msipunguze insulini yake kwa kusoma jibu langu. Mpimeni sukari kabla ya kulala, saa tisa usiku na alfajiri, kwa siku tano. Andikeni kila namba pamoja na saa ya chakula na dozi aliyochoma, mpeleke karatasi hiyo kwa daktari wake wiki hii. Ikitokea namba yoyote chini ya 4, mpeni sukari inayofyonzwa haraka, mrudie kumpima baada ya dakika 15, na msisubiri siku tano ziishe ndipo mpige simu. Akiwa hajitambui msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.