Kituo cha pamoja cha data za utafiti: kabla hamjaomba idhini ya kuanza

Mtoa mada, umeeleza kwamba vyuo viwili na kituo kimoja cha utafiti wa kilimo mnataka kujenga kituo cha pamoja cha kuhifadhi na kuchakata data, mfadhili ameshaonyesha nia, na mkuu wako amekupa wiki sita uandae andiko la kuombea idhini ya kuanza. Umeuliza andiko liwe na nini ili lisikataliwe. Mimi ninakuombea jambo jingine: lisipitishwe kabla halijakamilika. Letu lilipitishwa kwa kikao kimoja, na shida zetu zote zilianzia hapo.

Mwaka 2017 nilikuwa mratibu wa mradi kama wenu, taasisi nne, tatu za hapa Tanzania na moja ya Kenya. Andiko lilikuwa na kurasa zaidi ya sitini. Upembuzi yakinifu ulikuwemo, orodha ya vifaa ilikuwemo, mpaka aina ya nyaya tuliitaja. Kuhusu uendeshaji palikuwa na sentensi moja tu: gharama za umeme, chumba na wataalamu "zitabebwa na taasisi mwenyeji". Wajumbe wote walikubali, kwa sababu watatu kati ya wanne sentensi ile haikuwagusa, na wa nne aliyeiwakilisha taasisi mwenyeji alikuwa profesa wa idara. Alikuwa mtu mwema mwenye nia safi, ila hakuwa na kasma (fungu la bajeti) hata ya kununua betri.

Seva zilifika. Fundi wa majengo alipokuja kuangalia chumba akasema laini ya umeme ya jengo lile haiwezi kubeba mzigo huo pamoja na viyoyozi, inatakiwa laini mpya kutoka kwenye transfoma. Mwenyeji akasema hilo halimo kwenye maoteo ya bajeti ya mwaka ule, tusubiri Julai. Miezi saba vifaa vikakaa stoo ndani ya maboksi. Muda wa dhamana ya mtengenezaji ulikuwa unahesabiwa tangu siku ya kupokea mzigo, si tangu siku ya kuwasha, kwa hiyo tulipoteza zaidi ya nusu mwaka wa dhamana bila kutumia chochote. Betri za UPS, yaani mtambo wa kushikilia umeme unapokatika, nazo zilikuwa za asidi. Zikikaa muda mrefu bila kuchajiwa zinakufa. Tulipozifungua nyingi zilikuwa zimeshakufa. Nilikuwa na wanafunzi wawili wa uzamili waliopanga tafiti zao kwa kutegemea mitambo ile. Mmoja alibadilisha mada, mwingine aliongeza mwaka. Hilo bado linaniuma kuliko betri.

Kwa hiyo anza na hesabu ya umeme, na uifanye mwenyewe usiku wa leo. Raki moja (kabati) ya seva inayokula kilowati 5 ikiwaka saa 24 inatumia yuniti 120 kwa siku, yaani 3,600 kwa mwezi. Ukikadiria viyoyozi vinaongeza nusu yake, unafika 5,400. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye ankara ya chuo chenu, kisha zidisha kwa miezi 60. Namba utakayoipata ndiyo iwe ukurasa wa kwanza wa andiko. Chini yake ongeza mishahara ya wasimamizi wa mifumo wawili (mmoja hatoshi, ataumwa, ataoa, atapata kazi kwingine), mafuta ya jenereta, na fungu la kununua diski mpya ifikapo mwaka wa tano.

Baada ya yale yaliyotupata nilianza kusoma jinsi miradi mikubwa inavyopewa idhini, na uliofundisha zaidi ni ule wa darubini za redio za SKA (Square Kilometre Array), unaojengwa Afrika Kusini na Australia. Kenya na Msumbiji ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizo washirika wa upande wa Afrika Kusini, kwa hiyo si jambo la mbali nasi. Mkataba wa kuunda taasisi ya kuusimamia ulisainiwa Roma tarehe 12 Machi 2019 na nchi saba, ukaanza kuwa na nguvu ya kisheria Januari 2021 baada ya nchi za kutosha kuuridhia, na ujenzi ukaidhinishwa mwishoni mwa Juni 2021 uanze Julai mosi. Maana yake chombo chenye mamlaka ya kusema "anzeni" kilitangulia, idhini ikafuata. Sisi tulifanya kinyume: tulipata idhini kwanza, kisha tukaanza kutafuta nani ana mamlaka.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nirudie kusoma. Baraza la SKA halikupitisha mpango wa ujenzi peke yake. Lilipitisha na mpango wa pili unaoeleza taasisi yenyewe itakavyoendeshwa. Bajeti iliyokadiriwa, karibu euro bilioni 2 hadi mwaka 2030, ilikuwa na takriban bilioni 1.3 za ujenzi na bilioni 0.7 za uendeshaji. Theluthi nzima ni ya kuendesha. Angalia andiko lako, uendeshaji ni asilimia ngapi? Letu lilikuwa sifuri.

Mara ya pili, mwaka 2021, tuligawa idhini vipande vitatu. Kwanza tuliomba idhini ya kupanga tu, kwa fedha ndogo ambazo hata zikipotea hakuna anayeumia. Pili, idhini ya kununua, na hiyo haikuombwa mpaka kila taasisi ilete barua ya mkuu wa fedha inayotaja kiasi na kasma. Barua ya mkuu wa idara hatukuipokea. Tatu, idhini ya kufungulia watumiaji, baada ya mitambo kuwaka mwezi mzima bila kuzimika. Taasisi moja ilijitoa kwenye hatua ya pili, ilipoombwa ile barua. Wenzangu walisikitika, mimi nilishukuru, kwa sababu ingejitoa baada ya vifaa kufika ingetuvunja. Tulipunguza ukubwa wa mitambo tukaendelea watatu.

Hati ya makubaliano nayo msiiache kwa wanasheria peke yao. Wao wanajua lugha, ila ninyi ndio mnajua kitakachogombaniwa. Andikeni vifaa ni mali ya nani mradi ukiisha, nani anatangulia kwenye foleni watumiaji wakizidi, mmoja akijitoa anaondoka na nini, na nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi. Hilo la mwisho watu wanaliogopa, wanaona kama kuutakia mradi mabaya. Litajeni kwa cheo, lisibaki "kwa makubaliano ya pande zote".

Taratibu za serikali nitazipitia haraka. Kama ni taasisi za umma, mradi wa TEHAMA unapaswa kupita Mamlaka ya Serikali Mtandao, na manunuzi yanapita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa kielektroniki, kwa hiyo mkae na kitengo cha manunuzi tangu mwanzo. Umetaja data za wakulima. Zikiwa na majina na namba za simu, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu moja kwa moja: usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mkiongeza mshirika wa Kenya, huko nako wana sheria yao ya mwaka 2019. Ingizeni muda huo kwenye ratiba, msiuone kama wa ziada.

Kuhusu wiki sita ulizopewa, mweleze mkuu wako kwamba zinatosha kuomba idhini ya kupanga, hazitoshi kuomba idhini ya kununua. Mpelekee ile hesabu ya umeme ya miezi 60, na nafasi tatu tupu za saini za wakuu wa fedha. Ukimaliza ukurasa huo, uweke hapa bila majina ya taasisi, nitaupitia mstari kwa mstari.