Wadogo zangu wa potomita, maji hayasukumwi yanavutwa

Jamani wadogo zangu mnaoanza praktiko za mimea, nawapenda sana ila kila kundi jipya likiingia maabara naona yale yale, kwa hiyo leo naandika yote.

1. Tawi linakatwa NDANI ya maji. Sio unakata nje halafu unakimbia nalo kwenye beseni. Mtu anakata tawi, analibeba mkononi huku anapiga stori, akifika analichomeka kwenye potomita (kile kifaa cha mrija mwembamba kinachoonyesha tawi linanyonya maji kwa kasi gani) anakaa anasubiri, kiputo cha hewa kwenye mrija hakisogei, anaanza kulaumu kifaa. Kifaa hakina shida yoyote. Maji yaliyomo kwenye zailemu, yaani mirija inayopandisha maji ndani ya mmea, yamekazwa kama kamba, majani yanayavuta kutoka juu, sasa ukikata hewani kamba inakatika, maji yanarudi ndani na hewa inaingia pale pale, mrija huo kwa leo ndo basi tena. Kama ulishakata nje, zamisha kitako cha tawi kwenye beseni ukate tena sentimita kadhaa juu ya mkato wa kwanza, kwa mshazari, na wembe mkali maana kisu butu kinaponda mirija, halafu uliunganishe na mpira humo humo majini. Majani yasilowe, yakilowa yafute taratibu hadi yakauke. Kwenye viungo paka mafuta ya mgando, hewa ikipenya hapo jaribio limekufa. Ukishafanya hivyo washa feni uangalie kiputo: kilikuwa kinajivuta, ghafla kinaanza kutembea unakiona kwa macho. Zima feni, kinapunguza mwendo. Mimi hapo napapenda mno.

2. Kuandika "mizizi inapampu maji hadi kileleni" naomba mwache kabisa. Presha ya mizizi ipo, yale matone kwenye ncha za majani alfajiri ndo kazi yake, lakini jua likishawaka haina nguvu ya kulisha mti mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Strasburger alikata miti akaisimamisha kwenye sumu, seli hai za shina zikafa na bado maji yakapanda! Kwa hiyo sio seli za shina zinazosukuma. Mwaka 1894 wanasayansi Dixon na Joly, pale Dublin, wakaeleza kwamba jani likipoteza mvuke kupitia stomata (vitundu vidogo vya jani) linavuta maji ya nyuma yake, na kwa sababu molekuli za maji zinashikana, mvuto unashuka hadi mizizini. Na msinijibu "kapilari", yaani maji kujipandia yenyewe kwenye mrija mwembamba, maana mrija wenye upana wa mikromita 50 unainua maji kama sentimita 60 tu, wakati mti mrefu kuliko yote duniani, uko Kalifornia, umepita mita 115. Presha ya hewa nayo inaishia kama mita 10. Pigeni hesabu wenyewe.

3. Potomita inapima maji yanayoingia, sio yanayotoka. Kwenye ripoti andika "kasi ya kunyonya maji", kwa sababu kuna maji kidogo yanabaki kwenye seli na mengine yanatumika kwenye fotosinthesisi (mmea kujitengenezea chakula).

4. Mchoro wa mzizi bila ukanda wa Kaspari (utepe usiopitisha maji kwenye kuta za seli za endodemisi, lile tabaka linalozunguka zailemu) haujakamilika. Maji yanayopita kwenye kuta za seli yakifika endodemisi yanazuiwa hapo, lazima yapite kwenye utando wa seli kwanza ndo yaingie zailemu. Uchoreni kwa rangi tofauti na muuandike jina.