"Atachaguliwa na Halmashauri na kuteuliwa na Askofu": mwenye neno la mwisho ni nani?

SWALI: Wakili, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimo kwenye kamati inayorekebisha katiba ya dayosisi yetu. Ibara ya Katibu Mkuu inasomeka hivi: "Katibu Mkuu atachaguliwa na Halmashauri Kuu na kuteuliwa na Askofu." Vikao viwili vimeishia hapo. Wachungaji wanasema Askofu anaweza kulikataa jina. Sisi walei tunasema hawezi, kazi yake ni kutia muhuri tu. Kijana mmoja aliyesoma sheria akatuambia hata serikalini ni hivyohivyo, anayeteua ndiye mwenye uamuzi. La pili: katibu tuliyempigia kura mwezi uliopita bado hajaingizwa kazini ibadani, na mweka hazina anataka aanze kusaini hundi. Inafaa?

JIBU: Ameni, mzee wangu. Nianze kwa kuwaonea huruma wote, maana ibara hiyo ingegombanisha hata majaji. Ina vitenzi viwili, kuchagua na kuteua, na kila upande umekumbatia kimoja.

Nyumbani hivyo vitenzi ni ndugu. Kuteua ni kuchagua kwa makini, basi. Ofisini vimeachana zamani. Kuchagua kumebaki kwa kikao: watu wengi, kura, nusu na zaidi. Kuteua ni tendo la mtu mmoja mwenye mamlaka, linalokamilika kwa barua yenye saini yake. Ukiviweka vyote katika sentensi moja bila kusema kipi kinakifunga kipi, umemwachia kila msomaji ajazie mwenyewe, na kila msomaji atajazia anachokipenda.

Kijana wenu amesema kweli nusu. Majirani zetu Kenya wamelipa gharama kubwa kuijua nusu ya pili.

Ibara ya 166 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Rais atateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwaka 2019 Tume ikapeleka orodha ya watu 41. Rais Uhuru Kenyatta akaikalia. Hoja yake ilikuwa kwamba baadhi ya majina yana dosari, na kama yeye ndiye anayeteua, hawezi kulazimishwa kuteua mtu asiyemwamini. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema hapana: maneno "kulingana na mapendekezo" yameshamfunga, kilichobaki kwake ni kukamilisha. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita; mmoja alikuwa ameshafariki. Sita hao walisubiri hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipowateua siku aliyoapishwa. Miaka mitatu watu wamekaa na pendekezo la Tume mkononi, bila kiti walichopendekezewa. Angalia vizuri, mzee: upande wa sheria walikuwa wameshinda mapema sana. Kiti ndicho hawakukipata. Hata saini ambayo kisheria haina hiari ndani yake inaweza kukuchelewesha ikiwa hakuna aliyeandika itolewe ndani ya siku ngapi.

Sasa rudi kwetu Tanzania, ambako upepo unavuma upande mwingine. Ibara ya 37(1) ya Katiba ya 1977 inamfanya Rais awe huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria inapomtaka afanye jambo kulingana na ushauri huo. Hiyo ndiyo kanuni ya msingi, na ndiyo iliyo kichwani mwa kijana wenu. Mkuu wa mkoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kushauriana ni kusikiliza. Aliyeshauriwa akisema hili na mteuzi akafanya lile, uteuzi unabaki halali. Kwa hiyo "baada ya kushauriana na" na "kulingana na mapendekezo ya" yanaweza kukaa mahali pamoja ndani ya sentensi moja, lakini moja linamwacha mteuzi huru na jingine linamfunga mikono. Mimi wateja wanaponiletea rasimu ya katiba, iwe ya kanisa, msikiti au SACCOS, jicho langu hukimbilia viunganishi hivyo kabla ya kitu kingine.

Ipo namna ya tatu, na hii Watanzania wameiona kwenye televisheni ingawa wachache waliitazama kisheria. Ni kuthibitisha. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa Rais tarehe 19. Kiti cha Makamu kikawa wazi. Tarehe 30 bahasha yenye jina ikafikishwa bungeni Dodoma, Spika akaifungua na kulisoma: Philip Mpango. Jina lilitoka kwa Rais, lakini lisingemfikisha Mpango popote bila kura za Wabunge. Wakapiga, 363 zikasema ndiyo, na kesho yake akaapa. Waziri Mkuu naye hupita njia hiyo. Ibara ya 51 inampa Rais siku 14 tangu ashike madaraka ateue Mbunge wa jimbo kutoka chama chenye Wabunge wengi, na mteule huyo hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa azimio. Waziri wa kawaida hana mlango huo. Kwake uteuzi na kiapo vinatosha. Kenya mawaziri wao nao hupitia Bunge, na safari hii mlango si pambo: Agosti 2024 mmoja wa walioteuliwa alikataliwa.

Kwa hiyo wachungaji wenu, wanaposema Askofu anaweza kukataa, kumbe wanaisoma ibara kana kwamba imeandikwa "kuthibitishwa na Askofu". Nanyi walei mnaisoma kama ya majaji wa Kenya. Ilivyo, haisemi hili wala lile.

Makanisani mambo haya ni ya kale kuliko serikali zote nilizozitaja, na msidhani wenzenu wamekubaliana. Katoliki, kanuni ya 377 ya sheria za Kanisa inasema Papa huwateua maaskofu kwa hiari yake, au huwathibitisha waliochaguliwa kihalali. Ona neno "au": njia mbili, kila moja na jina lake, hazikuchanganywa. Kwa kawaida balozi wa Papa hukusanya maoni kwa siri, hupeleka majina matatu Roma, na Papa hafungwi na hata moja kati ya hayo matatu. Lakini Papa mwenyewe hana mteuzi juu yake. Huchaguliwa na makardinali wasiofikisha miaka 80, kwa theluthi mbili ya kura, kama walivyofanya 133 kati yao tarehe 8 Mei 2025 walipompata Leo XIV. Kiongozi mwenye uhuru mkubwa kuliko wote wa kuteua, yeye mwenyewe kaletwa na kura.

Kanisa la Uingereza ndilo hunichekesha. Kwa sheria ya enzi ya Mfalme Henry VIII, jimbo likibaki bila askofu, Mfalme hulipelekea baraza la kanisa kuu barua ya kuwaruhusu wachague. Bahasha hiyohiyo ina barua ya pili, yenye jina la mtu wa kumchagua. Wanakutana, wanasali, "wanachagua". Sisemi ni vibaya, wameishi nayo karibu miaka 500 na kazi ya kumtafuta mtu siku hizi inafanywa na tume mapema. Ninachosema ni kwamba neno "kuchaguliwa" kwenye karatasi halikuhakikishii kwamba kuna mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua. Walei wenzangu, msijifariji kwa neno hilo.

Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri, wanapomtafuta mkuu wa kanisa lao, wakishapiga kura na kubakiza majina matatu huacha mkono wa binadamu nje. Tarehe 4 Novemba 2012, Cairo, mvulana aliyefungwa kitambaa machoni alitumbukiza mkono kwenye chombo cha kioo juu ya madhabahu na kutoa jina la Tawadros II. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapofurahisha: zote mbili ni kura. Mitume walipomtafuta wa kuziba pengo la Yuda, kura ikamwangukia Mathiya, na hakuna aliyehesabu nani kapata ngapi. Neno ni lilelile tunalolitumia Oktoba kwenye vituo.

Kwa Waislamu nchini mwetu tofauti iko wazi zaidi, kwa sababu bahari imepita katikati. Zanzibar, Mufti ni ofisi ya umma, ina Sheria yake ya mwaka 2001, na mteuzi ni Rais wa Zanzibar. Bara, Mufti anatokana na BAKWATA, ambayo ni taasisi ya waumini, na Sheikh Abubakar Zubeir alishika nafasi hiyo mwaka 2015 kwa kuchaguliwa ndani ya taasisi hiyo. Cheo jina moja, chimbuko mbili. Akitokea mtu wa kupinga uteuzi, hata mahali pa kupelekea malalamiko ni tofauti.

Swali la pili nalijibu kwa ukali kidogo. Asisaini.

Kupata cheo na kuanza kazi ni siku mbili tofauti, hata zikiachana kwa saa moja tu. Ibara ya 56 ya Katiba yetu haimruhusu waziri kushika madaraka mpaka aape mbele ya Rais. Askofu Mkatoliki aliyekwisha kutangazwa haruhusiwi, kwa kanuni ya 382, kuingilia shughuli za jimbo mpaka alipokee rasmi, na amepewa miezi minne kufanya hivyo kama alikuwa bado padri, miwili kama alishakuwa askofu. Katikati ya hapo jimbo halikai yatima: kwa kawaida washauri huwa wamechagua msimamizi ndani ya siku nane tangu kiti kilipojulikana kuwa wazi.

Niliwahi kuitwa na taasisi moja ambayo mhasibu wake mpya alisaini hundi ya mishahara siku tatu kabla ya kuingizwa kazini. Karani wa benki aliigeuza, akaiangalia kadi ya saini, akairudisha dirishani bila neno. Hilo lingeisha kwa usumbufu tu. Kilichowaumiza ni mkataba wa pango aliousaini wiki hiyohiyo. Mwenye nyumba alipotaka kuongeza kodi baadaye, alishikilia kwamba mkataba hauna nguvu kwani aliyeusaini hakuwa ofisa wa taasisi siku ile. Tulilimaliza kwa kuelewana, baada ya miezi saba.

Basi fanyeni hivi. Kama katiba yenu inataja ibada ya kuingizwa kazini kuwa ndiyo mwanzo wa madaraka, katibu anayeondoka aendelee au Halmashauri ikaimishe mtu kwa azimio lililo kwenye muhtasari. Benki ipelekewe muhtasari huo na barua. Na kumbukeni kwamba ikiwa mali za dayosisi ziko chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali anayesajili wadhamini, katibu hawezi kuifunga ardhi ya kanisa kwa saini yake hata akisimikwa mara tatu. Hiyo ni kazi ya wadhamini.

Kuhusu ibara yenyewe, ushauri wangu ni kuchagua upande mmoja na kuuandika bila aibu. Mkitaka walei mshinde, andikeni: "Halmashauri Kuu itamchagua Katibu Mkuu kwa kura za siri, kwa zaidi ya nusu ya kura halali zilizopigwa. Askofu atampa barua ya uteuzi ndani ya siku 14 tangu apokee matokeo. Siku hizo zikipita bila barua, aliyechaguliwa atahesabiwa ameteuliwa." Mkitaka wachungaji washinde: "Halmashauri Kuu itapendekeza majina mawili, na Askofu atateua mmoja." Mkitaka suluhu: "Halmashauri Kuu itamchagua, na Askofu anaweza kukataa kumthibitisha mara moja tu, kwa sababu za maandishi zitakazosomwa kikaoni, Halmashauri ikimchagua tena mtu huyohuyo kwa theluthi mbili, atashika nafasi." Mimi ningeenda na hili la tatu. Linamlinda Askofu asifanye kazi na mtu asiyemwamini hata kidogo, na linamlazimisha kusema kwa nini.

Nimeshangaa jambo moja: hamkuniuliza ataondolewaje. Serikalini mnasikia kila mara "uteuzi wake umetenguliwa", kwa sababu Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inamchukulia mwenye mamlaka ya kuteua kuwa ana mamlaka ya kuondoa, isipokuwa sheria iseme vingine. Kwa jaji inasema vingine, hivyo hawezi kung'oka kwa taarifa ya usiku kwa vyombo vya habari. Sharti iundwe tume maalumu imchunguze. Katiba yenu ikikaa kimya, ugomvi huu mnaoumaliza sasa utarudi siku Askofu atakapoandika barua ya kumwachisha kazi katibu, naye atajibu kwamba yeye alichaguliwa na Halmashauri. Nitumie ibara ya nidhamu kama ipo, pamoja na ile ya akidi, kabla hamjakaa kikao cha tatu.