Mirunda Kwanza: Kwa Anayeanza Kazi ya Nyumba za Mji Mkongwe

Anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huwa na haraka ya kuita mafundi na kubandua lipu iliyovimba. Ninamwomba asubiri. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake hulala juu ya boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio sababu vyumba vingi havizidi upana wa mita 3 hivi. Kuta na sakafu hushikana, hivyo anayegusa kimoja bila kujua kinabeba nini huhatarisha vyote.

Hilo nililijua kwa uchungu. Katika nyumba mojawapo ya mwanzo niliyofanyia kazi, tulibandua lipu ya saruji kwenye ukuta wa chini kabla ya kuweka mirunda, yaani nguzo za muda za kuegemeza sakafu. Nyuma yake chokaa ilimwagika kama unga, na ncha za boriti tatu zilikuwa zimeoza hata kidole kikazama bila kusukuma. Usiku ule sakafu ya juu ilishuka. Hakuna aliyeumia, lakini sikulala. Tangu hapo mirunda hutangulia, ikiwa na ubao juu na chini wa kutawanya mzigo, na hupangwa ghorofa kwa ghorofa hadi ardhini, kwa maana mrunda unaokanyaga sakafu isiyoegemezwa huwa umehamisha hatari tu. Beit el-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea; tuichukulie kazi hii kwa uzito huo.

Nyumba ikishaegemezwa, yatafute maji. Njoo wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha, upande darini uone bati linavuja wapi, kisha ushuke ufuate unyevu hadi kwenye mfereji ulioziba au bomba la choo cha ghorofani. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi yake. Kwenye kila ufa bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya jasi na uandike tarehe, kwa sababu kioo kikikatika utajua kwamba ukuta bado unatembea.

Historia ya nyumba nayo ni sehemu ya uchunguzi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziligawiwa familia kadhaa, zikaongezwa kuta za kutenga vyumba ambazo boriti hazikukusudiwa kuzibeba. Waulize wazee wa mtaa kwa adabu, na kama nyumba ni ya wakfu, ulizia kumbukumbu zake kwenye Kamisheni ya Wakfu. Bibi mmoja alinionyesha mahali palipokuwa na kisima, chini kabisa ya kona iliyokuwa ikididimia, ambapo mimi nilikuwa nimepima wiki nzima bila kupata sababu.