Usimwamini kijana wa flashi, uliza ilirushwa saa ngapi

Dada mleta mada, simama hapohapo. Umeandika kwamba likizo hii unataka wanao wa miaka mitano na minane waangalie anime, yaani katuni za Kijapani, Kiingereza kikae vizuri, unauliza zipi zinafaa na wakae kwenye TV muda gani. Halafu katikati umechomekea kwamba kijana wa kibanda cha muvi hapo Masasi keshakujazia flashi, maana "zote ni katuni". Hiyo flashi usiiguse.

Mimi niko Mtwara mjini, na maneno hayohayo nilipewa na kijana mmoja karibu na stendi. Nikamwambia nina binti wa miaka saba. Akanionyesha picha: wasichana wa shule, magauni ya pinki, kiumbe cheupe kama paka. "Mzee, hii ya mabinti kabisa." Nikalipa, nikaenda zangu Tandahimba kwenye mnada wa korosho.

Kitu chenyewe kinaitwa Puella Magi Madoka Magica, cha 2011, episodi 12. Kuna dada wa nywele za njano anayewakaribisha wadogo zake chai na keki. Binti yangu akampenda kuliko wote, akajimiminia chai ya rangi wanywe pamoja. Episodi ya tatu dada yule anapambana na kitu kama kidoli. Ameshaanza kujiona mshindi, kidoli kinafumua mdomo, linatoka joka lenye uso wa kuchekacheka, linamng'oa kichwa. Mama yake akakuta chai imemwagika mkekani, mtoto yuko nyuma ya mlango. Tangu hapo choo cha uani haendi bila kusindikizwa. Msindikizaji ni mimi, na zile tochi mbili ni kwa usalama wa mtoto tu, msinicheke.

Na yule paka mweupe? Anamtimizia mtoto ombi moja, mtoto anaingia mkataba, kumbe roho yake ndiyo inatolewa mwilini. Sisi wa Kusini tunamjua huyo: kangomba mtupu, yule mlanguzi anayemnunulia mkulima korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa.

Nilipomrudia kijana akasema hajawahi kuitazama, "ila inatoka sana". Yaani unamuuzia mtu chakula cha mwanawe hujaonja! Ukubwa wa faili anaujua mpaka nukta, kilichomo hajui.

Sasa shika hili, mengine achana nayo: angalia Japani ilirushwa saa ngapi. Andika jina Wikipedia, soma kituo na saa. Doraemon ya TV Asahi, tangu 1979, miaka mingi ilikuwa ya Ijumaa saa moja jioni, watoto wako macho. Hiyo ya kwangu ilikuwa ya usiku wa manane. Attack on Titan pia, na episodi ya kwanza tu mama mtu analiwa mwanawe akitazama. Ukikuta ratiba imeandikwa 25:30 usidhani wamekosea, ndiyo saa saba na nusu usiku kwa mtindo wao. Hiyo futa.

Najua mtu atakuja na Evangelion, ya 1995, ilirushwa jioni na si ya watoto. Sawa, imepenya. Bado ungekuwa umeshafuta nusu ya flashi.

Kiingereza watakujibu walimu waliomo humu. Wewe weka hapa majina yaliyomo kwenye flashi, nikuangalizie saa zake usiku huu.