Samaki ambao baba hakuwavua

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama safari ya boti kwenda Kisiwa cha Changuu, Unguja, inamfaa Mtanzania wa kawaida au ni ya wageni tu. Mimi ni mkazi wa Tukuyu, Mbeya, na nilipoanza kuandika nilikusudia kujibu kwamba haitufai, kwa sababu nauli ya basi hadi Dar es Salaam na ya feri ingetosha kuipeleka familia nzima Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Nilipokwenda Changuu na baba, kilichoniudhi ni historia. Kijana aliyetutembeza alisimulia mateso ya wafungwa, ilhali gereza la kisiwani, lililojengwa miaka ya 1890 chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Zanzibar, halikuwahi kupokea mfungwa. Kisiwa kikafanywa karantini. Baba, mwalimu mstaafu, alimsahihisha kwa upole, akaongeza kwamba asili ya kobe wakubwa wa kisiwani ni zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919. Kijana akaitikia, "Ahsante, mzee wangu, nitalishika hilo."

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la baadaye, boti ilipotia nanga karibu na matumbawe. Baba alizaliwa Lyulilo, kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, akakua akivua samaki aina ya mbasa kwa mtumbwi, na bado alikataa katakata kuvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Nahodha hakumharakisha. Alimfunga jaketi la kujiokolea, akashuka naye ngazi, akamwambia ashike kamba na achovye uso kwa kadiri apendavyo. Mara ya kwanza aliinuka akikohoa maji ya chumvi. Mara ya pili akakaa kidogo. Mara ya tatu alikaa muda mrefu hata mimi nikaanza kumwita, naye akanyoosha mkono kuniashiria nimwache. Alipopanda botini macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwanangu, samaki nimewajua tangu utoto, lakini wote niliwaona wakifa."

Kwa hiyo sasa nasema nendeni, mkipata uwezo, na mwende asubuhi bahari ikiwa shwari. Tena msimpeleke mzee kwa nahodha mwenye haraka. Kuhusu gharama bado sijabadili mawazo, kwa maana Ziwa Nyasa nalo lina samaki wa rangi kwenye miamba yake, na maji yake hayana chumvi. Baba alinunua miwani na mrija kabla hatujaondoka Unguja, na Desemba anataka tumpeleke Lyulilo.